Barabara Iliyoingia Kanisani

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko na wazee wangu wote, shikamooni. Ndugu zangu Waislamu mlioitikia mwaliko wa jioni hii, asalaam aleikum. Vijana wa chuo cha ufundi, karibuni sana, na naomba msogee mbele, maana kuna jambo nitawaomba mlifanye kwa miili yenu wenyewe.

Mimi ni msanifu majengo. Nikiingia katika jengo lolote, liwe soko, msikiti au kanisa, kabla sijatazama mapambo huwa najiuliza mambo mawili: uzito wa paa unashukia wapi, na watu wanapita wapi. Jioni hii nataka kuwapeleka kwenye makanisa ambayo majibu ya maswali hayo mawili yamefumwa pamoja kama ukili. Yalijengwa Ufaransa na Hispania katika karne ya 11 na ya 12, kwenye njia za mahujaji wa Santiago de Compostela, mji wa Hispania unaoaminika kuwa na kaburi la Mtume Yakobo. Mtindo wake unaitwa Romaneski, jina walilolitunga wasomi wa karne ya 19 kwa sababu matao yake ya nusu duara yaliwakumbusha majengo ya Warumi wa kale. Waashi wenyewe hawakuwahi kulisikia jina hilo.

Nilikwisha kuyajua makanisa haya kwenye vitabu. Nilichora ramani zake kwenye mtihani na nikafaulu. Lakini sikuyaelewa mpaka nilipoyafikia kwa miguu. Mwaka mmoja nilipata nafasi, nikatembea kutoka Le Puy hadi Conques, kusini mwa Ufaransa, kilomita kama 200, mzigo mgongoni. Siku ya tano njia inapanda uwanda wa Aubrac, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, majani matupu, karibu hakuna mti wa kukinga upepo. Katika karne ya 12 palijengwa pale nyumba ya kuwapokea mahujaji, na ukungu ukishuka au theluji ikianguka, kengele ilipigwa bila kukoma ili aliyepotea afuate sauti. Siku ile ukungu ulishuka kweli. Nilikuwa naona hatua kumi tu mbele yangu, nguo zimelowa, vidole vimekufa ganzi. Nilipofika kijijini niliingia kanisani, nikafunga mlango nyuma yangu, na upepo ukanyamaza pale pale. Nilisimama nimeuegemea ukuta muda mrefu. Chuoni tulifundishwa kwamba kuta za Romaneski ni nene kwa sababu za kihandisi, na ni kweli. Lakini mtu aliyetoka kwenye upepo ule anaujua unene wa ukuta kwa mgongo wake.

Habari yenyewe ilianza hivi. Mapema katika karne ya 9, huko Galicia, pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, Askofu Teodomiro wa Iria alitangaza kwamba limepatikana kaburi la Mtume Yakobo, mwana wa Zebedayo. Mfalme Alfonso II akajenga kanisa dogo juu yake, baadaye likaja kubwa zaidi. Mwaka 997 al-Mansur, jemadari Mwislamu wa Córdoba, kusini mwa Hispania, aliuvamia mji huo wa Santiago na kulichoma kanisa. Waandishi wa zamani wanasimulia kwamba kengele zilibebwa hadi Córdoba mabegani mwa mateka Wakristo, na kwamba mwaka 1236, Wakristo walipoiteka Córdoba, zilirudishwa Santiago mabegani mwa mateka Waislamu. Nazisimulia safari zote mbili pamoja kwa makusudi. Njia hii ya sala ilipita pia juu ya migongo ya watu, wa dini zote mbili, na sioni sababu ya kuwaficha hilo.

Kufikia karne ya 12, njia kuu nne zilikuwa zinaivuka Ufaransa: moja ikitoka Tours, moja Vézelay, moja Le Puy, na moja Saint-Gilles upande wa Arles. Zote zilikutana Hispania, mahali panapoitwa Puente la Reina, yaani Daraja la Malkia, na daraja lenyewe la mawe la wakati huo bado lipo na bado linapitwa. Kuna kitabu cha Kilatini cha mwaka 1140 hivi chenye maelekezo kwa wasafiri. Kinataja mito ambayo maji yake yanaua farasi. Kinawaonya wasafiri juu ya wavushaji wanaojaza abiria kupita kiasi kwenye mtumbwi wa gogo moja, ili upinduke na wao wachukue mali za waliozama. Ndiyo barabara waliyotembea hao watu, miezi na miezi.

Sasa tuingie kwenye kazi.

Makanisa ya kale yaliezekwa kwa mbao. Ikatosha mshumaa mmoja kuanguka, au radi, au askari mwenye mwenge, jengo la miaka mia likawa majivu usiku mmoja. Kanisa la Vézelay liliungua mwaka 1120 likiwa na watu ndani, na wengi walikufa. Kwa hiyo waashi wakawa na hamu kubwa ya kuezeka kwa jiwe. Mtawa mmoja aliyeitwa Raoul Glaber aliandika kwamba baada ya mwaka 1000 dunia ilikuwa kama inajikung'uta na kuvua uzee wake ili ivae joho jeupe la makanisa. Joho lile jeupe ni mawe mapya, yaliyotoka machimboni juzi.

Lakini dari la jiwe lina tabia mbaya, na hapa ndipo nawahitaji vijana. Njooni wawili. Simameni mkitazamana, mwachane hatua mbili. Nyanyueni mikono, viganja vigusane juu ya vichwa vyenu. Sasa egemeaneni, kila mtu amtupie mwenzake uzito wake. Mnasikia nini miguuni? Mmoja anasema inateleza. Ndiyo, inateleza kurudi nyuma. Tao halishuki chini tu kama boriti, linasukuma nje. Njooni wengine wawili, pigeni magoti nyuma ya hawa, mabega yenu yazuie mapaja yao. Egemeaneni tena. Safi. Sasa mnaweza kusimama hivyo mpaka nimalize hotuba. Asanteni, kaeni.

Mimi somo hilo nililipata kwa njia ngumu zaidi. Mwaka wa pili chuoni tulijenga tao la matofali la mita tatu. Tulikuwa na haraka, tukaondoa kiunzi cha mbao kabla ya kujaza mabega yake. Lilisimama kama pumzi tatu, kisha miguu ikatanuka na lote likashuka. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Lakini mpaka leo nikiingia chini ya dari la jiwe, kitu cha kwanza ninachotafuta ni nani amepiga magoti nyuma.

Katika makanisa makubwa ya mahujaji jibu ni roshani. Fikirini ukumbi mrefu, juu yake dari la jiwe mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu likalazwa kifudifudi. Dari hilo linasukuma nje kulia na kushoto. Kila upande kuna ujia wa pembeni, na juu ya ujia kuna roshani, na dari la roshani ni nusu ya tao, robo ya duara, limeegemezwa kwenye ukuta mkuu kutoka nje kama lile bega la kijana aliyepiga magoti. Msukumo unapokelewa juu kule, unashushwa hadi ukuta wa nje, unaingia ardhini. Hasara yake ni kwamba roshani inachukua mahali ambapo madirisha ya juu yangekaa, kwa hiyo ukumbi mkuu unapata nusu mwanga tu, unaotoka pembeni. Wengine wanaulaumu mtindo huu kwa giza lake. Mimi siulaumu. Mwanga mdogo ule unakupeleka mbele wenyewe, maana kwenye altare ndiko kuna madirisha mengi, na macho ya mtu hufuata nuru.

Swali la kwanza limejibiwa. Swali la pili, la watu wanapita wapi, lilikuwa gumu zaidi, na kwangu mimi ndilo lililozaa uzuri wa makanisa haya.

Nendeni nami Conques. Ni kijiji kidogo kimening'inia kwenye ubavu wa bonde. Abasia yake ya Wabenediktini ilikuwa maskini na haina mtakatifu wa kuwavuta watu. Mwaka 866 hivi mtawa mmoja wa Conques alichukua kwa siri masalia ya Mtakatifu Foy kutoka Agen. Foy alikuwa binti wa miaka kama 12 tu, aliyeuawa kwa ajili ya imani wakati wa Warumi. Simulizi la abasia lenyewe linakiri kwamba mtawa yule alikaa Agen miaka mingi akijifanya mwenyeji mwaminifu mpaka akaachiwa ulinzi wa kaburi. Kwa Kiswahili chetu, waliiba. Wao waliona kwamba mtakatifu asingekubali kuhamishwa kama hakutaka mwenyewe.

Masalia yakawekwa ndani ya sanamu ya dhahabu iliyoketi kwenye kiti, macho yameng'aa, mwili umejaa vito. Bado ipo, kimo chake hakifiki mita moja. Mwaka 1013 hivi alifika mwalimu mmoja wa shule ya kanisa, Bernard wa Angers, akaitazama akaona ni sanamu ya kipagani, akacheka na mwenzake. Baadaye aliona aibu, akarudi, akaandika habari za miujiza ya Foy. Na katika maandishi yake kuna kisa kimoja ambacho kila mchoraji wa ramani ya kanisa angepaswa kukisikia. Anasema wakulima waliokuja kuhiji walikesha kanisani usiku, na kwa kuwa Zaburi za Kilatini hawakuzijua, waliimba nyimbo zao za kijijini na kupiga soga ili usingizi usiwachukue. Watawa wakakereka, wakawakataza, watu hawakusikia. Usiku mmoja wakafunga milango na kuwaacha umati nje. Usiku wa manane milango ikafunguka yenyewe, bila mkono wa mtu, na watawa waliposhuka kusali waliukuta umati umejaa mpaka wao wakakosa pa kupita. Bernard akahitimisha kwamba Mungu anazipokea nyimbo zile kwa ajili ya moyo mnyofu wa wanaoziimba.

Hebu tulitafakari hilo kama watu wa ujenzi. Hapa kuna watawa ambao kazi yao ni kusali kwa saa maalumu, mchana na usiku, bila kukatizwa. Na hapa kuna mkulima aliyetembea wiki sita, ana vumbi, ana njaa, ana mtoto mgonjwa mgongoni, na anataka kufika karibu na kaburi kiasi cha kuligusa. Wote wawili wana haki. Ukimpisha mkulima katikati, sala inakufa. Ukimzuia mlangoni, amekuja kufanya nini?

Kanisa jipya la Conques, lililoanza kujengwa kama mwaka 1050, likajibu kwa jiwe. Mlango wa magharibi unakupokea. Badala ya kusonga katikati, unashika ujia wa pembeni. Ujia huo haukatiki popote: unafika kwenye mkono wa msalaba, maana kanisa lina umbo la msalaba, unapinda, kisha unazunguka nyuma ya altare kwa nusu duara. Katika mzunguko huo unapita nyuma kabisa ya mahali pa masalia, na nje yake vimechomoza vikanisa vidogo, kila kimoja na altare yake, kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Ukimaliza kuzunguka unarudi kwa upande wa pili hadi mlangoni ulikoingilia. Muda wote huo watawa wako katikati na Masifu yao, wamezungukwa na mto wa watu usiowagusa. Ndiyo maana nasema barabara iliingia kanisani. Njia iliyotoka Le Puy haikuishia mlangoni, ilipita humo ndani ikazunguka, ikatoka, ikaendelea kwenda Hispania.

Na angalieni uzio wa chuma unaozunguka pale altare. Foy alisifika kwa kuwafungua wafungwa, na waliotoka kifungoni walikuja kumletea minyororo na pingu zao kwa shukrani. Inasimuliwa kwamba zilirundikana hata watawa wakaziyeyusha wakatengeneza uzio huo. Nilisimama pale nimeshika chuma kile, baridi, kimepindwa kwa nyundo kama mikunjo ya ua, nikawaza juu ya vifundo vya miguu.

Ramani ya namna hii inaonekana katika makanisa makuu matano: Mtakatifu Martini la Tours, Mtakatifu Martiali la Limoges, Sainte-Foy la Conques, Saint-Sernin la Toulouse, na Santiago lenyewe. Mawili ya kwanza hatunayo tena. Limoges lilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa na baada yake, na Tours, baada ya dari kuporomoka mwaka 1797, likabomolewa ikabaki minara miwili ambayo leo ina mtaa mzima katikati yake. Ukisimama kwenye mnara mmoja ukautafuta mwingine kwa macho ng'ambo ya maduka, ndipo unaujua ukubwa wa kilichopotea. Saint-Sernin bado lipo zima, la matofali mekundu na mawe, urefu mita 115, na Papa Urbano II alilibariki mwaka 1096 ujenzi ukiwa bado unaendelea. Toulouse haina mawe mengi karibu, ina udongo, ndiyo sababu ya matofali. Mafundi matofali wa hapa kwetu wangejisikia nyumbani.

Nisiwafiche kwamba wataalamu wanabishana. Msomi wa Marekani, Arthur Kingsley Porter, ndiye aliyelipa nguvu kubwa wazo la sanaa iliyosafiri na mahujaji, mwaka 1923. Waliomfuata wameuliza: kama mahujaji ndio sababu, mbona mtindo kamili uko kwenye makanisa matano tu, wakati njia zina mamia ya makanisa madogo yasiyo na mzunguko wowote? Na vile vikanisa vya nyuma ya altare, je, havikuhitajika pia na watawa wenyewe, ambao wengi walikuwa mapadri na kila mmoja alitaka altare ya kuadhimishia Misa? Hoja hizo ni za haki. Jengo kubwa halizaliwi na sababu moja. Lakini mtu aliyewahi kusukumwa kwenye umati wa hija anajua kwa mbavu zake kwamba njia inayozunguka bila kurudi nyuma si pambo. Wengi wenu mmekwenda Namugongo tarehe 3 Juni. Mnajua ninachosema.

Turudi Conques, maana sijawaonyesha mlango. Juu ya mlango wa magharibi kuna nusu duara kubwa la mawe lililochongwa Hukumu ya Mwisho, mwanzoni mwa karne ya 12, lina watu 124. Kristo yuko katikati, mkono wa kulia juu, wa kushoto chini. Chini yake malaika Mikaeli na shetani wanatazamana wakipima roho kwenye mizani, na shetani anajaribu kuusukuma upande wake kwa kidole. Muuza sokoni yeyote anakijua kidole kile! Upande wa jehanamu kuna shujaa wa vita anatupwa kichwa chini kutoka kwenye farasi wake, bahili ananyongwa na mkoba wa fedha shingoni, na msema uongo anang'olewa ulimi. Kuna wafalme humo na kuna watu wa Kanisa. Hapo mchongaji hakumwogopa aliyemlipa.

Lakini nataka mtazame upande wa mbinguni, pembeni, mahali padogo ambapo wapita njia wengi hawapaoni. Kuna matao madogo, na kwenye matao hayo zimening'inizwa pingu. Mbele yake binti amesujudu kifudifudi, na mkono mkubwa wa Mungu unatoka winguni unakaribia kumgusa kichwa. Ni Foy. Kati ya watu wote 124 ndiye pekee anayefikiwa na mkono ule. Mtoto wa miaka 12, amewekwa mahali pa kuwaombea wengine, na nyuma yake ni vyuma vya watu waliotoka gerezani. Hujaji aliyesimama pale chini hakujua kusoma maandishi ya Kilatini yaliyochongwa, yale yanayowaonya wenye dhambi wabadili mienendo. Pingu alizijua. Tena jiwe lile lilipakwa rangi, buluu na nyekundu, na mabaki yake yanaonekana hata leo kwenye mikunjo ya mavazi.

Juu kabisa, kuzunguka ukingo wa nusu duara, wachongaji wameweka nyuso ndogo zinazochungulia, vidole vimeshika ukingo kama watoto nyuma ya pazia. Wenyeji huwaita wadadisi. Niliwapenda mara moja. Kila jioni niliyokaa pale nilikwenda kuwaangalia jua la magharibi likiwapiga.

Vézelay nitaipita haraka, nisije nikakesha. Kanisa lile lilijengwa upya baada ya moto niliousema, na mlango wake wa ndani unaonyesha Kristo akiwatuma mitume kwa mataifa yote. Kwenye ukingo wa chini wamechongwa watu wa mbali kama walivyofikiriwa na watu wa Burgundy, eneo lile la Ufaransa: wenye masikio makubwa kama makuti, wafupi wanaopanda farasi kwa ngazi, na juu kidogo, wenye vichwa vya mbwa. Nilisimama pale mimi mtu wa mbali, nikajitafuta kwenye safu ile. Sikukasirika. Hawakuwa wametufahamu, lakini wametuchonga tukielekea katikati, tumealikwa. Na siku za mwezi Juni jua linapofika juu kabisa, mwanga wa adhuhuri kutoka madirisha ya kusini huanguka katikati ya ukumbi kwa mafungu, moja baada ya moja, mstari mnyoofu hadi altare. Mahujaji hukanyaga mwanga.

Santiago lenyewe lilianzishwa mwaka 1075, wakati wa Askofu Diego Peláez, na baada yake Diego Gelmírez akalisukuma mbele kwa nguvu zake zote. Ni jiwe la matale, gumu kulichonga, tindo zinaisha makali haraka. Waashi wengi walikata alama zao kwenye mawe: msalaba, mshale, herufi. Inaaminika zilikuwa za kuhesabia kazi siku ya malipo. Waashi mlio hapa mnaelewa.

Na kile kitabu cha maelekezo ya wasafiri kinataja jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Chokaa ya kujengea ilihitaji mawe ya chokaa, na Galicia ni nchi ya matale. Mawe hayo yalipatikana Triacastela. Basi kila hujaji aliyepita Triacastela alipewa jiwe, akalibeba mpaka Castañeda, mwendo wa siku kadhaa, na huko palikuwa na tanuru za kuchomea chokaa ya kanisa la Mtume. Mtu alikwisha kutembea kutoka Ufaransa, magoti yamevimba, na bado aliongeza jiwe kwenye mzigo wake. Kwa hiyo ukitazama pale mawe ya matale yanapokutana, ule mstari mwembamba mweupe wa chokaa kati ya jiwe na jiwe, huo umebebwa na watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Kitabu kile kinalipima kanisa kwa miili ya watu. Kinasema urefu wake ni vimo 53 vya mtu, upana vimo 39, kwenda juu vimo 14. Kinasema pia kwamba halina ufa wala kasoro, na kwamba aliyepanda kwenye roshani akiwa na huzuni, akiuona uzuri ule, hushuka akiwa na furaha. Nimekwisha kuwaambia roshani ni kwa ajili ya kushikilia dari. Mwandishi wa karne ya 12 alipanda akaona faida nyingine.

Mtu wa hapa asidhani matao haya ni ya mbali mno. Wamisionari wa Kifaransa waliojenga Kanisa la Mtakatifu Yosefu katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na tao la nusu duara la mababu zao, na minara yake miwili inaonekana mtu akiwa bado yuko baharini. Na ufundi wa kuezeka kwa jiwe ulikuwapo pwani yetu kabla yao: nendeni Kilwa Kisiwani, ndani ya Msikiti Mkuu, mtazame kuba na madari ya tao ya mawe ya matumbawe, na mjiulize lile swali langu, nani amepiga magoti nyuma.

Nimalizie kwa mlango mmoja. Upande wa magharibi wa Santiago kuna lango alilolisimamia fundi mkuu Mateo, na mwaka umechongwa hapo: 1188. Leo limefunikwa na uso mwingine wa kanisa uliojengwa mbele yake karne ya 18, nao ndio umelikinga na mvua za Galicia. Katikati ya lango kuna nguzo ya marumaru yenye ukoo wa Yesu, kutoka kwa Yese. Mahujaji walipofika, baada ya miezi yote ile, waliweka mkono wa kulia juu ya nguzo hiyo kabla ya kuingia. Hawakuchonga chochote. Waliweka mkono tu, mmoja baada ya mwingine, karne baada ya karne, mpaka marumaru ikabonyea mahali pa vidole vitano.

Siku hizi kuna kizuizi, hairuhusiwi kugusa, na ni sawa. Mimi nilisimama upande wangu wa kizuizi, nikanyoosha mkono hewani, nikatanua vidole nikavilinganisha na vile vishimo. Mama mmoja mzee aliyekuwa pembeni yangu, hatukuwa na lugha moja, alinitazama, kisha naye akanyoosha wake.

Asanteni kwa kunisikiliza.